Kutoka Sitini Kwenda Sabini

Ofisini walimwita Mama Kurasa, na jina hilo hakulichukia. Mtu akimletea kazi yenye namba moja kwenye jalada, namba mbili kwenye shukrani na namba saba pale inapoanza sura ya kwanza, alikuwa anasonya kwanza ndipo anavuta kiti. "Nani kakuharibia hivi?" anauliza, kana kwamba ni nywele. Dawa yake ilikuwa moja na haikuwa uchawi. Unaikata kazi katika sehemu, kisha kila sehemu unaipa amri yake: ama iendelee na hesabu ya sehemu iliyotangulia, ama ianze namba yake yenyewe. Watu hawataki kusikia hayo. Wanaandika namba kwa mkono, ukurasa kwa ukurasa, wakiongeza sentensi mbili tu kila kitu kinahama, halafu wanakuja na flashi mkononi na sura za msibani.

Ndiyo maana Tume ilipoundwa kuchunguza moto wa kiwanda cha magodoro, yeye ndiye aliyepewa ripoti aichape. Na hapo, Mungu amsamehe, alinyamaza. Hakumwambia mtu yeyote kwamba mmoja wa wasichana waliokufa katika moto ule alikuwa akimwita mama mkubwa.

Binti alikuwa mtoto wa pekee wa mdogo wake. Alikuwa anashona vitambaa vya kuvalisha magodoro, anacheka kwa sauti kubwa kuliko mashine yake, na kila mwisho wa wiki anakuja kwa mama mkubwa kulalamika kwamba pua yake imejaa vumbi la sponji. Kanuni ya Tume ilikuwa wazi: mwenye ndugu kati ya marehemu akae pembeni. Lakini Mama Kurasa alikuwa anatumia jina la mumewe, mdogo wake anatumia la mumewe, na hakuna aliyeuliza. Hakunyamaza kwa ubaya. Aliogopa maneno ya mdogo wake yasije yakaangukia mikononi mwa mtu anayechapa huku anatafuna karanga.

Maneno yenyewe hayakuwa mengi, ila yalikuwa mazito. Mama wa binti alieleza kwamba mchana ule alikuwa amepeleka chakula kwenye lango la nyuma, kama kawaida yake, maana wasichana hawakuruhusiwa kutoka. Akaona moshi. Akasikia wanagonga mlango wa chuma kutoka ndani. Mlango ulikuwa umefungwa kwa kufuli upande wa nje, ili watu wasiibe sponji. Akamkimbilia mlinzi, mlinzi akasema ufunguo anakaa nao meneja. Mlinzi akampigia meneja, na kwa kuwa simu yake ilikuwa mbovu, husikii mpaka uweke sauti ya nje, mama wa binti aliyasikia yote. Meneja alisema: "Usivunje hilo kufuli. Watabeba mali. Nisubiri, nakuja." Alipofika, kugonga kulikuwa kumeshakoma.

Mlinzi alikuwa ametoa maelezo yake pia. Yeye alisema simu yake siku ile haikuwa na chaji na hakumpigia mtu. Kwa hiyo ulikuwa mdomo dhidi ya mdomo, wa mlinzi na wa mama, na hakukuwa na wa tatu. Bila maelezo ya mama, moto ule ulikuwa bahati mbaya. Ukiyaweka, kulikuwa na mtu aliyeamuru watu wafe kwa ajili ya sponji.

Tume ilikuwa na utaratibu wake, na ulikuwa utaratibu mzuri, tusiwanyime haki yao. Kila shahidi alipewa sehemu yake ndani ya ripoti. Maelezo yakishachapwa, shahidi anaitwa, anayasoma au anasomewa, kisha anatia sahihi pembeni ya namba ya ukurasa, ili ajue maneno yake yamekaa wapi na hakuna atakayeyahamisha. Wafiwa waliupenda utaratibu ule kuliko Tume yenyewe ilivyotarajia. Kwenye benchi la ukumbini, wakisubiri kuitwa, walianza kusalimiana kwa kurasa.

"Wewe ngapi, mama?"

"Ishirini na nane. Wewe?"

"Sitini na moja," alikuwa anajibu mdogo wake Mama Kurasa. "Sitini na moja mpaka sitini na tisa. Na wa mwisho nimesaini mwenyewe, mkono haukutetemeka."

Alilisema kwa mama wa ishirini na nane, akalisema kwa muuza vocha wa nje, akalisema hata kwa dada yake ambaye ndiye aliyezipanga kurasa zile. Mtu aliyefiwa na mtoto wa pekee huwa hana cha kushika. Yeye alikuwa amepewa kurasa tisa, akazishika.

Siku ripoti ilipokuwa tayari kwenda kupigwa chapa, katibu wa Tume aliingia chumba cha uchapaji na kufunga mlango nyuma yake. Alikuwa mtu wa mashati yaliyonyooka na viatu visivyolia, mtu ambaye hukumsikia akija na hukumwona akikasirika. Akaketi kwenye ukingo wa meza.

"Pole na kazi, dada."

"Nimeshapoa. Imebaki kuangalia pambizo tu."

"Yule mama wa sitini na moja," katibu alisema. "Ni nani kwako?"

Mama Kurasa alikiachia kipanya. Kulikuwa na njia ya kukana, lakini sauti ya katibu ilikuwa ya mtu anayeuliza kitu anachokijua.

"Ni mdogo wangu. Tumbo moja."

"Na hukusema."

"Sikusema."

Katibu alitikisa kichwa taratibu kama daktari. "Mimi sina ugomvi na wewe, dada yangu. Lakini wenye kiwanda wana mawakili wakali. Wakijua kwamba maelezo yanayomtaja meneja yamechapwa na dada wa shahidi, watasema umeyatunga hapa hapa mezani. Hiyo inaitwa kughushi. Utaingia ndani wewe, ataingia ndani na yeye. Unataka mdogo wako aliyemzika mtoto juzi akalale rumande?"

"Alisaini kila ukurasa," Mama Kurasa alisema. "Zile karatasi zipo."

"Ninazo mimi." Alilisema bila haraka. "Mwenyekiti hakuyasoma maelezo hayo, alisomewa muhtasari, na muhtasari unaweza kusahau kitu. Yatoe, ripoti iende, kila mtu akalale kwake. Funika kombe mwanaharamu apite."

Methali ile watu waliitunga kwa ajili ya aibu ndogo ndogo za nyumbani, mgeni asione sufuria lililoungua. Katibu aliitumia kufunika maiti, tena za watoto wa watu.

Alipotoka, Mama Kurasa alikaa akiitazama skrini. Alikuwa mwoga, na hakuna sababu ya kumpamba. Angeweza kumpigia wakili wa wafiwa. Angeweza kutia nakala kwenye flashi akaitoa ndani ya mkoba. Alifikiria rumande, akamfikiria mdogo wake rumande, na akafikiria pia, hili alilifikiria kwa kujificha hata kwake mwenyewe, kiti chake na mshahara wake wa kila mwezi. Akaweka kiashiria mwanzo wa ukurasa wa sitini na moja, akateremka mpaka mwisho wa sitini na tisa, akachagua yote. Yakawa meusi. Akafuta.

Alifuta kwa ustadi, maana ukiufuta mkato wa sehemu ovyo, sehemu ya juu inavaa tabia za ile ya chini na kila kitu kinavurugika. Mikono yake haikukosea hata siku ile. Na kwa kuwa sehemu zote alikuwa ameziamuru ziendelee na hesabu ya iliyotangulia, ripoti ilijiziba yenyewe palepale. Hakukuwa na kovu. Maelezo ya mlinzi, shahidi wa mwisho, yaliyokuwa yanaanza ukurasa wa sabini, yalipanda juu yakakaa sitini na moja. Simu ya mlinzi isiyo na chaji ilikuwa imekalia kiti cha mama wa binti.

Hilo ndilo lililomshinda. Kufuta aliweza, kuona mlinzi pale hakuweza. Akaingia kwenye sehemu ya mlinzi, akaikata isiungane tena na iliyoitangulia, akaiambia hesabu yake ianzie sabini. Zile za nyuma yake zikafuata. Sasa ripoti ilikuwa inatoka sitini, inaruka, inatua sabini. Akajisemea: mwenye macho ataona. Wakili ataona, atauliza, na mimi sitakuwa nimesema kitu. Alitaka ukweli usemwe, ila usisemwe na yeye. Wengi wetu tunautaka hivyo.

Katibu alirudi kukagua. Aliandika jina la mdogo wa Mama Kurasa kwenye kisanduku cha kutafuta, mashine ikajibu halipo. Akaandika neno kufuli, likaja kwenye ushahidi wa zimamoto tu, kufuli lisilo na mwenyewe. Akaridhika. Macho yake yalikuwa yanatafuta maneno, hayakuwa yanahesabu.

Jioni ile mdogo wake alipita nyumbani. Hakutaka kuketi.

"Dada, imeshatoka?"

"Imekwenda kupigwa chapa. Mtapewa wote siku ya kuisoma."

"Na mimi nimo?"

Mama Kurasa alikuwa anakung'uta mkeka ambao haukuwa na vumbi. "Mtapewa wote," alisema tena. Mdogo wake akamshika bega, akamwambia ahsante kwa kazi yote aliyoifanya, na Mama Kurasa akaendelea kuukung'uta mkeka mpaka mwenzake alipotoka.

Siku ya kusoma, ukumbi ulijaa. Wafiwa walikaa mbele, kila mmoja na nakala yake yenye jalada la bluu, na kabla mwenyekiti hajamaliza salamu walikuwa wanafunua, kila mtu anatafuta alipo. Ulisikia mchakacho wa karatasi ukumbi mzima. Mama Kurasa alikuwa amekaa pembeni karibu na mashine ya vipaza sauti. Alimwona mdogo wake akilowesha kidole, akifunua. Sitini. Akafunua tena. Akarudi nyuma. Akazitenganisha karatasi kwa ukucha, huenda zimegandana. Kisha akainuka na nakala yake ikiwa wazi, akaenda kwa wakili wa wafiwa, kijana mrefu aliyekuwa amevaa koti la mkono mrefu kuliko mkono wake, akamwonyesha.

Wakili alisimama. "Mheshimiwa mwenyekiti, samahani. Ripoti hii inatoka ukurasa wa sitini kwenda sabini. Kurasa tisa ziko wapi? Mteja wangu anasema ndizo alizosaini."

Ukumbi ukaanza kuvuma. Mwenyekiti alivaa miwani, akafunua nakala yake, akaitazama kwa muda mrefu. Alikuwa mtu mzima aliyechoka, mwenye tabia ya kusaini alicholetewa, lakini hakuwa mtu mbaya. Akamgeukia katibu.

"Mheshimiwa, si kila aliyehojiwa aliingizwa kwenye ripoti," katibu alisema, na sauti yake haikupanda wala kushuka. "Ama hizo namba, ni hitilafu ya uchapaji. Kompyuta hizi zina mambo yake. Mchapaji yupo hapa, na aulizwe."

Vichwa viligeuka. Mama Kurasa alisimama.

"Mama, usiogope," mwenyekiti alisema, na hakika alilisema kwa upole. "Hapa hakuna wa kukufanya chochote. Niambie mimi. Kuna kurasa zimeondolewa, au ni namba tu zimeruka?"

Mlango ulikuwa wazi, na mwenye nyumba ndiye anayekukaribisha. Angesema ndiyo tu. Wakili angedai faili, karatasi zenye sahihi zingetafutwa, meneja angeitwa. Alimtazama mdogo wake. Mdogo wake alikuwa bado amesimama karibu na wakili, nakala ameikumbatia kifuani, na usoni hakuwa na hofu. Alikuwa anamtingishia dada yake kichwa, kidogo kidogo, kama unavyomtia moyo mtoto anayejifunza kutembea. Alikuwa ameshaelewa. Nani mwingine angeweza kuacha nafasi kama ile?

Nyuma ya mwenyekiti, katibu alikuwa ameweka mkono juu ya bahasha ya kaki, unene wake kama wa kurasa tisa. Hakuifungua. Aliipapasa tu.

"Ni namba, mheshimiwa," Mama Kurasa alisema.

"Sema kwa sauti, mama, wasikie wa nyuma."

"Ni namba tu zimeruka. Kila sehemu inatakiwa iendelee na hesabu ya iliyotangulia. Moja nilisahau kuiunganisha. Kosa ni langu."

Kikulacho ki nguoni mwako, wamesema wahenga, na mama wa binti alikuwa amevalishwa nguo ile tangu utotoni, akabebwa nayo mgongoni. Wakili alijaribu kusema neno, mwenyekiti akamwinulia mkono. Mtaalamu mwenyewe ameshaeleza, alisema. Zitatolewa nakala zilizosahihishwa, na nakala hizi zote zirudishwe, zisije zikaleta maneno. Kisha akasoma hitimisho: moto ulikuwa bahati mbaya, na kiwanda kinashauriwa kuongeza ndoo za mchanga.

Kusahihisha hakukuchukua muda. Alirudi kwenye mashine yake, akaingia sehemu ya mlinzi, akaondoa ile amri ya kuanzia sabini, akaiambia iendelee. Ripoti ikajiziba. Mlinzi akapanda tena sitini na moja, na safari hii alibaki hapohapo. Mama Kurasa alilia akiwa peke yake, akajifuta kwa upindo wa mtandio, akabonyeza chapisha.

Katibu alimweka yeye mwenyewe kwenye meza ya kubadilishia nakala, pale kwenye ukumbi wa kuingilia. Ilikuwa ni adhabu au ilikuwa ni kejeli, hakujua. Huenda kwa katibu ilikuwa ni kazi tu. Wafiwa walipanga foleni. Unatoa ya zamani, inaingia kwenye boksi. Unapewa mpya, unasaini, unakwenda. Mama wa ishirini na nane alipita. Bado alikuwa ishirini na nane, akaifunua papohapo kuhakikisha, akashusha pumzi.

Mdogo wake alifika akiwa amefunga kanga vizuri, uso umeoshwa. Aliiweka nakala yake mezani.

Mama Kurasa aliangalia huku na huku. Katibu alikuwa mbali, anaongea na dereva. Akaisukuma ile nakala kurudi kwa mwenyewe, akainama.

"Usiirudishe," alinong'ona. "Mdogo wangu, nakuomba. Nitaandika hapa kwamba umerudisha. Kaa nayo. Hiyo ndiyo ushahidi wako, ina nafasi. Siku moja mtu ataiona."

"Nikae nayo ya nini, dada?"

"Ina nafasi. Mimi ndiye niliyekuachia."

"Najua ni wewe. Nilipoiona nilijua, nikasema mama mkubwa wa mwanangu hakulala." Hakuwa analia, na alikuwa anaongea taratibu, kama mtu anayemweleza mgeni njia. "Lakini umeshasema ni kosa. Umesema kwa sauti, mpaka wa nyuma wakasikia. Nikimwonyesha mtu sasa hivi, nitamwambia nini? Ataniambia, mama, hizi ni namba tu, mchapaji mwenyewe amesema."

Mama Kurasa aliisukuma tena ile nakala kwake.

Mdogo wake aliichukua nakala mwenyewe, akainama, akaiweka ndani ya boksi juu ya zile nyingine, akailaza vizuri isikunjike. Akasaini kwamba amerudisha. Ile mpya hakuichukua. Akaiangalia tu pale mezani, akashuka ngazi akashika njia ya kwao, na hakumwita dada wala hakumuaga.

Foleni ilikuwa ndefu. Baba mmoja aliyekuwa nyuma yake alisogea, akanyoosha mkono, akauliza kama ndiyo hapa zinapotolewa zilizosahihishwa. Mama Kurasa akamwambia ndiyo, ni hapa, akampa.